Barua ya kumteua wakala wa forodha: andika hivi, usisaini vile

Ukiniletea barua yenye sentensi moja tu, "Namruhusu wakala huyu kutoa mizigo yangu yote," nitaipokea na mzigo wako utatoka. Ila utakuwa umenipa zaidi ya ulichokusudia. Mwakani naweza kuitoa barua hiyohiyo kwenye faili na kuingiza, kwa TIN yako (namba yako ya mlipakodi), mzigo ambao hujawahi hata kuusikia.

Kazi yangu ni kuingiza matamko ya forodha kwenye mfumo, katika kampuni ya uwakala hapa Dar es Salaam. Ofisini wananiita diklaranti, mitaani mimi ni "mtu wa kliaringi" kama wengine wote. Barua za wateja hupita mezani kwangu kabla ya karatasi nyingine yoyote, na nyingi ni mbovu. Kwa hiyo haya ninayoandika ni namna ya kunifunga mikono mimi na wenzangu. Wakala anayejua kazi yake hatakasirika ukimfunga, na sababu utaiona tukifika kwenye sheria.

Nazungumzia mzigo wa biashara unaoingia kwa meli bandari ya Dar. Ukija kwa ndege, au kwa lori kupitia Namanga au Tunduma, barua haibadiliki sana. Badala ya B/L, yaani hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, utaandika namba ya hati ya ndege au ya lori.

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ndiyo hiyohiyo Mombasa, Kampala, Kigali na Bujumbura, kwa hiyo ndugu zetu wa huko nao wanaweza kusoma bila kuruka. Vifungu vitatu vifuatavyo ndivyo vya kukaa navyo.

Cha 146 kinasema jambo ambalo mwenye mzigo anatakiwa kulifanya forodhani linaweza kufanywa na wakala wake. Wakala huyo ni ama mfanyakazi wako anayekufanyia kazi wewe peke yako, ama wakala mwenye leseni ya forodha, na lazima awe na idhini yako ya maandishi, iwe ya jumla au ya jambo mahususi. Ofisa wa forodha ana haki ya kusema, "Nionyeshe barua." Barua isipoonekana, ana haki ya kukataa kumtambua.

Cha 147 kinanihusu mimi. Wakala akitenda jambo kwa niaba yako, sheria inamhesabu kama mwenye mzigo, na anawajibika yeye binafsi kulipa ushuru. Hapo ndipo penye sababu niliyoiahidi. Kesho ukinigeuka ukasema hukunituma, kinachonisaidia ni barua inayoeleza wazi nilitumwa nini. Barua yenye maneno mawili hainisaidii kitu.

Cha 148 ni chako. Ukimpa wakala idhini, unawajibika kwa matendo yake na kwa matamko anayoyatoa kuhusu mzigo wako, na unaweza kushtakiwa kwa kosa lake kana kwamba umelitenda wewe. Sheria imekuwekea nafuu moja: hutafungwa jela kwa kosa la wakala ila kama kweli uliliridhia. Faini na kodi iliyopunjwa, hizo nafuu hiyo haizigusi. Na tamko la uongo, chini ya kifungu cha 203, linaweza kumgharimu mtu kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Ndiyo maana nashangaa mtu anasoma mkataba wa pango la duka mstari kwa mstari, halafu barua ya wakala anaisaini amesimama, mkono mmoja umeshika simu.

Kwanza jua unampa nani

Huwezi kuandika barua nzuri kwa mtu usiyemjua. Bandarini na pembeni mwake kuna vishoka: watu wenye begi la nyaraka, lugha tamu na bei ya chini, ambao hawana leseni yoyote. Kishoka huenda kuazima jina la kampuni yenye leseni, mzigo wako unaingizwa kwa jina hilo, na wewe unabaki na namba ya simu ya mtu anayejulikana kwa jina moja tu. Mambo yakienda sawa hutaona tofauti. Yakiharibika, kampuni iliyoazimisha leseni itasema haikujui, na itakuwa inasema kweli.

Omba nakala ya leseni ya uwakala wa forodha iliyotolewa na TRA, Mamlaka ya Mapato, uangalie mwaka. Leseni hizi huisha tarehe 31 Desemba, hivyo Januari na Februari uwe mkali zaidi, maana utaonyeshwa ya mwaka uliopita na maelezo kwamba mpya "inashughulikiwa". Inashughulikiwa maana yake haijatoka. TRA hutoa orodha ya mawakala wenye leseni. Tafuta jina humo. Kama wakala ni mwanachama wa TAFFA, chama cha mawakala wa forodha, ni jambo jema, ila uanachama haukai mahali pa leseni. Kisha nenda ofisini kwao. Sisemi ofisi iwe na kiyoyozi. Iwepo tu, na iwe na jina lilelile mlangoni.

Jina hilo ndilo utakalolifuatilia mpaka mwisho. Jina la kwenye leseni, la kwenye barua yako, la kwenye tansadi (tamko lenyewe la forodha), na la kwenye risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya malipo ya huduma, yote yawe moja. Ukiona tansadi ina kampuni nyingine, simamisha kazi na uulize siku hiyohiyo.

Barua yenyewe

Nachukua mfano wa mtu anayeingiza cherehani na vipuri vyake kutoka China. Barua iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni yako. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza kwa mazoea tu. Mimi naweka ya Kiswahili ili usaini kitu unachokielewa.

Kumb. Na.: ......
Tarehe: ......

Kamishna wa Forodha na Ushuru wa Bidhaa,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
DAR ES SALAAM.

YAH: KUMTEUA WAKALA WA FORODHA KWA MZIGO WA B/L NAMBA ......

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Sisi, ......, wenye TIN ......, tumeiteua kampuni ya ......, yenye TIN ...... na leseni ya uwakala wa forodha namba ...... ya mwaka ......, kuwa wakala wetu kwa mujibu wa kifungu cha 146 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

2. Uteuzi huu ni wa mzigo mmoja tu: kontena la futi 20 namba ......, lililoletwa na meli ......, B/L namba ......, lenye cherehani na vipuri vyake kama ilivyoorodheshwa kwenye invoisi namba ...... ya tarehe .......

3. Wakala ataingiza tamko la forodha, atawasilisha nyaraka, atahudhuria ukaguzi wa mzigo, na ataupokea mzigo baada ya kuruhusiwa kutoka.

4. Wakala haruhusiwi kubadili maelezo ya bidhaa, namba ya HS, thamani, idadi au nchi ya asili, wala kukubali mabadiliko hayo kwa niaba yetu, bila idhini yetu ya maandishi.

5. Wakala haruhusiwi kumkabidhi mtu au kampuni nyingine mamlaka haya, wala kupokea marejesho yoyote ya fedha kwa niaba yetu.

6. Mamlaka haya yatakoma mzigo utakapotoka, au ifikapo tarehe ......, lolote litakalotangulia.

Jina, cheo, sahihi, muhuri na namba ya simu.

Nakala: Wakala wa meli.

Ni ukurasa mmoja. Sasa tuipitie, maana kila aya ina mtu ilimuumiza.

Kwenye aya ya kwanza, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, msajili wa biashara na makampuni, na kwenye TIN, herufi kwa herufi. Kosa ninalolipokea mara kwa mara ni la jina la B/L kutofanana na la TIN: muuzaji wa China ameandika jina la duka, kwa sababu ndilo lililo kwenye kadi yako ya biashara, wakati kampuni imesajiliwa kwa jina lingine. Barua yangu ya idhini haiwezi kuponya hilo. Muuzaji au wakala wa meli ndiye wa kurekebisha B/L, na ni nafuu kurekebisha meli ikiwa bado baharini. Kwa hiyo dai rasimu ya B/L kabla haijatolewa, uisome.

Hapa pana swali linaloletwa sana na ndugu walio nje. Mtu yuko Muscat au Texas, kanunua gari na kulilipia, lakini B/L imeandikwa jina la kaka yake wa Tabata. Nani aandike barua? Kaka. Forodha inamtazama anayesomeka kama mpokeaji wa mzigo. Na kaka ajue kwamba kwa sahihi hiyo kifungu cha 148 kinamhusu yeye, hata kama hajachangia shilingi. Kama unataka liwe lako kwa karatasi, B/L na TIN viwe vyako tangu mwanzo, usaini barua hukohuko uliko, utume nakala ya skani na ya asili ifuate.

Aya ya pili ndiyo kufuli. Namba ya B/L ikishaingia humo, barua haifai kwa mzigo mwingine. Waagizaji wakubwa wenye kontena kila wiki watasema huu ni usumbufu, na wana haki. Sheria inaruhusu idhini ya jumla. Basi waandike ya jumla yenye tarehe ya kuisha, miezi 6 inatosha, na waongeze sentensi inayosema kila mzigo utaanza kushughulikiwa baada ya wakala kupokea baruapepe yenye namba ya B/L kutoka anwani fulani. Duka la mizigo miwili au mitatu kwa mwaka halina sababu ya barua ya jumla.

Alikuja ofisini kwetu mama mmoja muuza vitenge, ameshika barua ya TRA inayomtaka alete nyaraka za kontena la vigae. Vigae! Kumbe wakala wake wa zamani alikuwa na karatasi kadhaa zenye kichwa cha duka lake, sahihi na muhuri vimeshawekwa chini, katikati patupu. Alizitoa kwa nia njema, asije akasumbuliwa kila mara akiwa safarini Guangzhou. Kuthibitisha kwamba vigae si vyake kulimchukua muda mrefu kuliko mzigo wowote wa vitenge aliowahi kuutoa, kwa sababu sahihi ilikuwa yake kweli. Wakala akikuomba karatasi tupu zilizosainiwa, hata awe shemeji yako, mwambie utasaini kila moja ikiwa imejaa. Mtu halali hatakosa kazi kwa sababu hiyo.

Aya ya nne, ambayo wateja wengi hawaiandiki kabisa

Namba ya HS, ile ya kimataifa ya kupanga bidhaa kwenye makundi, ndiyo inayoamua ushuru. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki viwango vikuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa moja ikiwekwa pasipo pake inaweza kuruka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Nani anaiweka? Mimi, nikiwa mbele ya kompyuta, nimeshika invoisi yako. Na invoisi nyingi zinazotoka kwa wauzaji wadogo zimeandikwa kama maelezo ya sokoni.

Turudi kwenye cherehani. Ndani ya kontena kuna vichwa vya cherehani, sindano, na meza za mbao zenye miguu ya chuma na tundu la kuingizia kichwa. Pakingi listi inasema "meza". Diklaranti mwenye haraka anaona meza, anaipeleka kwenye fanicha, kundi la 9403, ambako ushuru ni wa juu. Wakati kundi la 8452 linataja cherehani, linataja sindano zake, na linataja pia fanicha iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya cherehani. Meza ile ina mahali pake palepale jirani na kichwa chake. Utaijuaje? Kwa tundu, kwa mahali pa kufungia mota, kwa pedali. Picha moja ya meza imepinduliwa chini juu inamaliza ubishi wote, na ni wewe mwenye picha, siyo mimi.

Upande wa pili nao upo. Kuna wakala anayejua kabisa kwamba bidhaa yako ni ya asilimia 35, lakini anaiweka ya 10 ili akuonyeshe alivyo mjanja na ili bei yake ya jumla ionekane tamu. Wewe unafurahi. TRA ina miaka 5 ya kurudi na kudai vitabu na nyaraka za mzigo huo, na ikirudi itakuja dukani kwako, kwenye TIN yako.

Kwa hiyo pamoja na barua, mpe wakala ukurasa wa pili usio rasmi: kila bidhaa, imetengenezwa kwa nini, inafanya kazi gani, picha, na bei uliyolipa kweli. Mwambie akurudishie rasimu ya tansadi uione kabla hajaituma. Soma thamani, idadi, nchi ya asili na maelezo. Idhini yako iwe ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "Nimeona rasimu, namba za HS ni hizi na hizi, endelea" ni bora mara mia kuliko "sawa" ya kwenye simu.

Nisikudanganye, aya hii haimfungi ofisa wa forodha. Akiona thamani uliyotamka ni ndogo mno, ataihoji na anaweza kuipandisha, barua yako iseme inavyosema. Faida yake ni kwamba mimi siwezi kuikubali thamani mpya kimyakimya ili faili liishe nikale chakula cha mchana. Lazima nikupigie. Ukiwa na uthibitisho wa malipo ya benki na mawasiliano na muuzaji, tunajibu kwa hoja. Na ikishindikana, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kutolewa kumwomba Kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Watu wengi hupoteza haki hii kwa sababu waliambiwa habari ya kupandishwa thamani wakati wa kuletewa hesabu ya mwisho.

Saini ya nyuma ya B/L

Barua ya TRA haitoshi. Mzigo uko mikononi mwa kampuni ya meli, na wakala wa meli hapa nchini ndiye anayetoa dilivari oda, karatasi ya kuagiza mzigo ukabidhiwe. Naye anataka kuona mpokeaji wa mzigo amemtuma nani, ndiyo maana nikaweka nakala kwake. Baadhi yao wana fomu yao wenyewe. Ijaze kwa masharti yaleyale ya barua.

B/L ya asili kwa kawaida hutolewa tatu, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo zilizobaki hazina nguvu tena. Kabla ya kuiwasilisha, mpokeaji hupiga muhuri na kusaini nyuma. Sasa, kama B/L ni ya aina ya "kwa amri", ile inayoweza kuhamishwa, sahihi tupu nyuma yake bila jina la mtu inaigeuza iwe kama noti ya elfu kumi: aliyeishika ndiye mwenyewe. Andika juu ya sahihi yako jina la anayekabidhiwa na kazi yenyewe, mfano "Akabidhiwe kampuni fulani kwa ajili ya kuchukua dilivari oda tu". Mpelekee kwa mkono, usainishe daftari la makabidhiano, na zilizobaki kaa nazo kabatini. Kama umenunua kwa mkopo wa benki na B/L imeandikwa kwa amri ya benki, benki isaini kwanza. Hapo mimi na wewe wote tunasubiri. Siku hizi mizigo mingi huja kwa teleksi rilizi, hakuna karatasi ya asili, na hapo barua yako kwa wakala wa meli ndiyo karatasi pekee inayosema nani achukue mzigo. Usiifanyie mzaha.

Pesa

Kodi ilipe mwenyewe. Tansadi ikishakadiriwa hutoka hati yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, na mtu yeyote anaweza kuilipia benki. Fedha zinakwenda serikalini moja kwa moja. Ukinipa mimi taslimu nikakulipie, umeniongezea kishawishi na umejinyima ushahidi. Linganisha kiasi cha kwenye hati na ulichoambiwa kwenye makadirio. Ushuru wa forodha uwe na mstari wake, VAT ya asilimia 18 mstari wake, na tozo nyingine kila moja na wake. Mtu akikuletea jumla moja ya mviringo iliyoandikwa kwa kalamu, mrudishe.

Ada yangu ya huduma ni kitu kingine kabisa, na ina risiti ya EFD. Gharama za bandari, za wakala wa meli na za bandari kavu nazo zina ankara zake. Dai za asili.

Aya ya tano, kuhusu marejesho, inatokana na dhamana ya kontena. Baadhi ya mawakala wa meli hudai fedha ya dhamana hadi kontena tupu lirudi salama. Ikirudi, inarudi kwa nani? Kama barua haisemi, itarudi kwa aliyeonekana kuishughulikia, na mteja mwenye mambo mengi husahau kuiulizia. Wapo wenzangu wanaoishi mjini kwa usahaulifu huo.

Muda

TRA inataka nyaraka ziwasilishwe kupitia wakala angalau siku 7 kabla meli haijafika, na sheria inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha kwa mzigo kutolewa tamko. Usisubiri hizo 21. Storeji ya bandari (tozo ya mzigo kukaa) na demareji (tozo ya kuchelewa na kontena) hazisomi kifungu chochote, zinahesabu tu. Mimi huomba barua pale B/L inapotoka, meli ikiwa bado Bahari ya Hindi huko, kwa sababu vibali navyo vina mwendo wake: cheti cha ubora cha TBS kinachotolewa kabla ya mzigo kusafirishwa, TMDA kama ni dawa au vifaa tiba, na kadhalika. Barua ya forodha haimpi wakala mamlaka ya kuomba vibali hivyo kwa jina lako. Taasisi ikihitaji barua yake, andika nyingine.

Anayesaini awe mkurugenzi anayesomeka BRELA, au mwenye duka mwenyewe kama ni biashara ya mtu mmoja. Meneja wa duka asisaini mpaka awe na karatasi ya mkurugenzi inayomruhusu. Muhuri bila sahihi haufai.

Ukitaka kumwacha wakala katikati

Inawezekana. Andika barua fupi ya kufuta uteuzi, itaje ile ya kwanza kwa kumbukumbu na tarehe yake, iende TRA na kwa wakala wa meli, na wakala mwenyewe asaini kuwa ameipokea pamoja na siku na saa. Kama tansadi haijaingia, kazi imekwisha, teua mwingine. Kama imeshaingia kwa jina lake, tamko hilo lazima lifutwe kwanza kwa maombi forodhani, na hapo siku zinakwenda huku kontena likila storeji. Mlipe anachokudai kihalali kabla ya kugombana. Aliyeshika B/L yako ya asili ana nguvu ya kukuchelewesha hata kama hana haki.

Mzigo ukitoka salama, usiridhike na kuliona lori getini. Dai kifurushi kamili: barua ya uteuzi yenye muhuri wa kupokelewa, tansadi, hati ya makadirio, risiti za kodi, hati ya kuruhusu mzigo kutoka, dilivari oda, ankara zote, na karatasi ya kurudisha kontena tupu. Skani vyote, weka vya asili kwenye faili moja lenye namba ya B/L mgongoni, kikae miaka 5. Kisha mwandikie wakala baruapepe ya mstari mmoja kwamba mzigo umepokelewa na mamlaka ya barua fulani yamekoma, na umuulize dhamana ya kontena inarudi lini na kwenye akaunti ipi.